Sekondari Msingi na Wenyeji Wake: Nini Humwinua Mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9

Sekondari msingi ni ngazi ya elimu nchini Kenya inayowapokea wanafunzi wa Gredi ya 7, 8 na 9, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15. Ilifunguliwa mwishoni mwa Januari 2023, pale kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi, lililofanya tathmini ya KPSEA ya mwisho wa Gredi ya 6 Novemba 2022, lilipoingia Gredi ya 7. Katika muundo huo mtoto hukaa miaka miwili katika elimu ya chekechea, sita katika shule ya msingi, mitatu katika sekondari msingi na mitatu katika sekondari ya juu, kabla ya chuo.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, haukuwa na ngazi ya katikati. Mtoto alitoka Darasa la 8 akiwa na alama zake za mtihani wa KCPE mkononi, akaingia Kidato cha Kwanza, mara nyingi katika bweni lililo mbali na kwao. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Waliopanga mtaala mpya walikusudia kwanza kuiweka sekondari msingi ndani ya shule za sekondari zilizokuwapo, lakini wazazi wengi walitishwa na wazo la mtoto wa miaka 12 kulala bweni moja na vijana wa miaka 18. Jopo la rais kuhusu marekebisho ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilisikiliza malalamiko hayo. Desemba 2022 likapendekeza kwamba Gredi ya 7 hadi 9 zisomee katika shule za msingi.

Uamuzi huo uliacha shida nyingi. Ndani ya wiki chache, shule ambayo haikuwahi kuwa na maabara wala mwalimu wa sayansi wa sekondari ilitakiwa kuwa sekondari. Lakini ulileta pia jambo moja kubwa ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule. Tangu uhuru, sekondari kwa watoto wengi wa Kenya ilikuwa mahali pa kusafiri kwenda, na mzazi alifika huko mara moja au mbili kwa mwaka akiwa amevaa nguo za safari. Sasa miaka mitatu ya sekondari inasomwa mahali ambapo mzazi anaweza kufika kwa miguu. Kama shule hizi zitafaulu au zitakwama, sehemu kubwa ya jibu imo katika namna ukaribu huo unavyotumiwa.

Umri wenyewe una uzito wake. Kati ya miaka 12 na 15 mwili hubadilika, marafiki huanza kusikilizwa kuliko wazazi, na mtoto huanza kujiuliza kama shule ni mahali pake. Wakati huohuo shule nayo humbadilikia. Katika Gredi ya 6 alikuwa na walimu wachache waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Katika Gredi ya 7 huanza kupokea mwalimu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kipindi chake cha dakika 40, na inawezekana asiwepo hata mmoja anayeona kwamba amekuwa akinyamaza tangu Jumatatu. Nchi nyingi zenye shule za ngazi hii zimeshuhudia matokeo ya wanafunzi na hamu yao ya kusoma vikishuka hasa katika miaka hii.

Dawa inayojulikana ni ya gharama ndogo: kila mwanafunzi awe na mtu mzima mmoja shuleni anayemfuatilia. Shule za Kenya tayari zina mwalimu wa darasa, lakini mara nyingi kazi yake imekuwa kuita majina asubuhi na kukusanya pesa za mitihani. Shule inayompunguzia mwalimu huyo ukarani na kumpa nafasi ya kuzungumza na wanafunzi wake, hata robo saa kwa juma, hugundua mapema nani ana njaa, nani ameanza kufanya kibarua machimboni na nani hajaelewa sehemu na desimali tangu Gredi ya 4.

Ufaulu katika ngazi hii una maana tofauti na ile ya KCPE. Mwanafunzi husoma masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Sayansi ya Jamii, Kilimo, Elimu ya Dini, Sanaa Bunifu na Michezo, na somo la maandalizi ya ufundi. Hapo awali yalikuwa 14, yakapunguzwa baada ya ripoti ya jopo la Munavu mwaka 2023, na ilikuwa heri. Mwishoni mwa Gredi ya 9 kuna tathmini ya KJSEA, lakini siyo inayoamua kila kitu. Hesabu ya mwisho huchukua asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi zinazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka KJSEA yenyewe. Kwa hiyo mtoto anayezembea Gredi ya 7 kwa kutumaini kwamba atakaza kamba mwaka wa mwisho huwa tayari amepoteza kitu. Wazazi waliosomea 8-4-4, ambako mtihani mmoja ulifuta yote yaliyotangulia, hawalijui hili mpaka waelezwe.

Na maelezo hayo si rahisi kupatikana. Ripoti ya mwanafunzi haina tena nafasi ya kwanza wala ya arubaini. Ina viwango vinne, kuanzia aliyepita matarajio hadi aliye chini ya matarajio, kila kimoja kimegawanywa mara mbili na kuandikwa kwa herufi za Kiingereza. Mzazi anayepewa karatasi iliyojaa EE, ME, AE na BE huikunja, huiweka kwenye kabati na kuuliza swali alilolizoea: "Umekuwa nambari ngapi?" Shule ambayo haijakaa na wazazi na kuwasomea karatasi hiyo kwa Kiswahili au kwa lugha ya mtaa, mstari kwa mstari, imewafungia nje wenyewe halafu inalalamika kwamba hawaji.

Tatizo zito zaidi la ufaulu huanza kabla ya Gredi ya 7. Mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulianza kuwatuma wenyeji wa kujitolea nyumba kwa nyumba nchini Kenya kuwapima watoto kusoma na kufanya hesabu za kiwango cha Darasa la 2. Mwaka baada ya mwaka walikuta kwamba wengi wa watoto wa Darasa la 3 hawaziwezi, na kwamba wapo waliofika Darasa la 8 bila kuziweza. Mtoto wa aina hiyo akifika sekondari msingi hukuta kitabu cha Sayansi Jumuishi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Utafiti uliofanywa Busia miaka ya 1990 na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin ulionyesha kwamba kuzigawia shule vitabu vya kiada kuliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele peke yao. Wengine walivipokea, lakini hawakuweza kuvisoma.

Kwa sababu hiyo shule inayotaka kuinua matokeo ya Gredi ya 9 hulazimika kurudi nyuma kwanza: kumpima kila anayeingia Gredi ya 7 kusoma kwa sauti na kufanya hesabu nne za msingi, kuwagawa walioachwa nyuma katika vikundi kulingana na wanachokijua, na kutenga muda wa kuwafundisha hapo walipo. Ni kazi isiyo na fahari. Walimu wa sekondari hawakusomea kufundisha kusoma, na wengi huiona kuwa ya kuwashusha hadhi. Hapa ndipo kuwa kwenye kiwanja kimoja na shule ya msingi kunapofaa, kwa maana mwalimu wa Gredi ya 3 aliyebobea katika kufundisha kusoma yuko darasa la pili kutoka hapo. Bahati mbaya, uhusiano wa walimu wa ngazi hizi mbili umekuwa na mvutano. Walimu wa sekondari msingi wamelalamika kwamba wanaongozwa na wakuu wa shule za msingi wasioielewa kazi yao, nao wakuu wamelalamika kwamba hawaheshimiwi.

Suala la walimu lilikuwa gumu tangu mwanzo. Wengi waliochukuliwa mwaka 2023 walikuwa walimu vibarua, kwa mkataba wa mwaka mmoja na malipo ya takribani Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema utaratibu huo haukuwa halali, na mwezi uliofuata walimu waligoma, masomo yakakwama katika shule nyingi. Baadaye maelfu kwa maelfu walipewa ajira ya kudumu. Mgomo wa namna hiyo huonyesha wazi ni shule zipi zenye wenyeji wanaozijali: zile ambako wahitimu wa kijijini na wazee wa bodi huwakusanya watoto na kuwasimamia wakisoma, si zile ambako watoto hurudi nyumbani saa nne asubuhi bila mtu yeyote kuuliza.

Kuwaita wenyeji shuleni si jambo geni Kenya. Baada ya uhuru wa 1963 vijiji vilijenga shule za sekondari kwa harambee, kwa mawe, ng'ombe na shilingi za wakulima, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 shule za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Lakini historia hiyo iliacha pia mazoea yasiyofaa. Mzazi alizoea kwamba barua ya shule ni barua ya pesa. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, wengi walielewa kwamba kazi yao shuleni imekwisha, kwa sababu kazi waliyoijua ilikuwa kuchanga. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019, mzazi aliitwa tena, safari hii kutafuta manila, kuchapisha picha katika saibakafe na kutengeneza vifaa ambavyo mtoto alipaswa kuvitengeneza mwenyewe. Malalamiko yalifika mahakamani mwaka 2021. Ushirikishwaji wa wazazi, ambao ni nguzo ya mtaala wenyewe, ulianza kwa kuwachosha.

Sheria inamtambua mzazi kwa upana zaidi ya hapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaiweka kila shule ya umma chini ya bodi ya usimamizi, na humo wazazi na wenyeji wana viti sita, mbali na vya mfadhili, walimu na makundi maalumu. Sheria hiyohiyo inaunda chama cha wazazi ambacho kila mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake, kikiwa na kamati yenye mwakilishi wa kila darasa. Miongoni mwa majukumu ya chama hicho yameandikwa malezi, lishe na afya ya wanafunzi, uhusiano mwema wa walimu na wazazi, na njia za kuwatia moyo walimu na wanafunzi ili matokeo yawe bora. Kutafuta fedha ni jukumu moja kati ya kadhaa. Katika mikutano mingi, hata hivyo, ndilo linalochukua saa nzima.

Je, mzazi anaweza kuinua alama za mtoto wa sekondari msingi? Jibu lenye msingi imara limetoka Marekani, ambako shule za ngazi hii zimekuwapo kwa zaidi ya karne. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walichapisha uchambuzi wa tafiti zipatazo 50 kuhusu wazazi wa watoto wa umri huu. Waligundua kwamba kumsaidia mtoto kazi ya ziada hakukuendana na matokeo bora. Mara nyingine kulikwenda pamoja na matokeo mabaya. Kufika shuleni kulisaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi kilikuwa mazungumzo: mzazi kumweleza mtoto anachotarajia kwake, kuyaunganisha masomo na maisha anayoyataka baadaye, na kuzungumza naye kuhusu namna ya kupanga kazi zake.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa mzazi wa Kenya asiyejua aljebra. Kutojua huko hakumwondolei nafasi yake. Mama muuza mboga anayemuuliza binti yake kila jioni walichofanya katika Kilimo, na anayejua kwamba mwisho wa Gredi ya 9 binti huyo atachagua kati ya mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo, anafanya kazi ambayo mwalimu wa ziada hawezi kuifanya. Lakini ni lazima ajue mikondo hiyo ipo na inafungua milango gani. Kumwambia ni kazi ya shule.

Kuambiwa peke yake nako hakutoshi, na ushahidi wa hilo umetoka Kenya kwenyewe. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walivirudia vijiji ambako wazazi walikuwa wamepewa na mradi wa Uwezo matokeo ya watoto wao pamoja na mapendekezo ya hatua za kuchukua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 walisema hawakuona tofauti ya maana kati ya wazazi hao na wale ambao hawakupewa chochote. Ili mzazi achukue hatua, inabidi aielewe habari, aijali, ajue la kufanya, awe na uwezo wa kulifanya, na aamini kwamba litaleta tofauti. Ikikatika pete moja, mnyororo wote hauvuti.

Pete inayokatika mara nyingi ni ile ya uwezo wa kuchukua hatua, yaani mamlaka. Mwaka 2005, katika shule 140 za magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza mpango uliowapa wazazi fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa Darasa la 1. Mahali ambapo kamati za wazazi hazikufunzwa, walimu wa kudumu walianza kukosa vipindi, maana sasa kulikuwa na mtu wa kuwabebea mzigo, na baadhi ya nafasi zikaenda kwa jamaa za walimu. Mahali ambapo wazazi walifunzwa kumhoji mwalimu kabla ya kumwajiri, kukagua mahudhurio yake na kuamua mwisho wa mwaka kama aendelee, hali ilikuwa nzuri zaidi. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko wa sekondari msingi, lakini wazazi ni walewale.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu umri huu ni cha wasichana wa Darasa la 6 katika wilaya jirani za Busia na Teso, mwaka 2001 na 2002. Shirika moja lilitangaza kwamba katika shule zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, asilimia 15 ya wasichana waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa wilaya wangepewa tuzo kwa miaka miwili: Sh500 kwa mwaka za kulipia ada shuleni na Sh1,000 kwa familia za kununulia mahitaji, pamoja na sherehe ya kuwatambua mbele ya wazazi na walimu. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi hata kwa wakati ule. Hata hivyo, katika Busia alama zilipanda, na hazikupanda kwa waliotarajia kushinda tu. Wasichana dhaifu waliokuwa na nafasi ndogo ya tuzo walisonga mbele, na hata wavulana, ambao hawakuruhusiwa kushindana, walionyesha dalili za kufaidika. Walimu nao wakawa wanafika kazini zaidi. Kremer na wenzake Edward Miguel na Rebecca Thornton walihusisha jambo hili na hali ya shule nzima: wazazi walianza kuuliza, na mwalimu aliyeulizwa akawa hawezi kukosa.

Teso mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2001 radi ilipiga shule moja ya wilaya hiyo na kuua watoto saba. Baadhi ya watu waliuhusisha msiba huo na shirika lililoendesha mpango wa tuzo, uvumi ukaenea, na shule kadhaa zikajitoa. Katika wilaya hiyo watafiti hawakuona ongezeko la kuaminika la alama. Fedha zilikuwa zilezile, na umbali kati ya wilaya hizo mbili ni mdogo. Kilichokosekana ni imani ya wenyeji, na hakuna mwalimu mkuu ambaye angeweza kuinunua kwa tuzo ya Sh1,000.

Imani ya aina hiyo hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa. Mkutano usiitishwe siku ya soko wala msimu wa kuvuna. Ajenda ya kwanza iwe masomo, pesa zije baadaye. Hesabu za mgao wa serikali, ambao sekondari msingi ilitengewa Sh15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, zibandikwe mahali panaposomeka, pamoja na kiasi kilichofika kweli, kwa kuwa mara nyingi hufika kwa kuchelewa au kikiwa pungufu. Nyanya anayelea wajukuu asiachwe nje kwa sababu kundi la wazazi liko kwenye WhatsApp na yeye ana simu ya kitufe. Na mzazi asiitwe tu mtoto anapokosa. Shule inayompigia baba simu kumweleza kwamba mwanawe amesoma vizuri hadithi mbele ya darasa inajiwekea akiba ya siku mbaya.

Kwenda nyumbani kwa mwanafunzi ni hatua kubwa zaidi. Peter Tabichi, bruda Mfransisko aliyetunukiwa Tuzo ya Mwalimu Duniani mwaka 2019, alifundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, ambako familia nyingi zilikuwa maskini na shule ilikuwa na kompyuta moja. Keriko ni sekondari ya kawaida, siyo sekondari msingi, lakini njia iliyotumika huko inafaa popote. Yeye na wenzake wachache waliwafundisha walioachwa nyuma mmoja mmoja, na mwisho wa juma wakawatembelea nyumbani ili kuona kinachowazuia. Alianzisha kilabu cha vipaji na cha amani katika eneo lililoumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, akawafundisha wenyeji kulima mazao yanayovumilia ukame. Idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu.

Ziara hizo huonyesha kwamba mara nyingi kinachomshusha mwanafunzi hakimo darasani. Njaa ndiyo ya kwanza. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri hawezi kufuatilia mlinganyo saa nane mchana. Nairobi, mpango wa Dishi na Kaunti ulianza mwaka 2023 kuwalisha watoto wa shule za umma, mzazi akichangia Sh5 kwa mlo. Vijijini njia ya zamani bado inafanya kazi: kila mzazi huleta gorogoro kadhaa za mahindi na maharagwe mwanzo wa muhula, wengine huleta kuni, na mpishi hulipwa kwa mchango mdogo. Mlo wa githeri unaopikwa shuleni huwafanya watoto wasiende nyumbani mchana, na wasiokwenda mchana hawakosi vipindi vya alasiri. Tatizo huja kwa yule ambaye nyumbani kwao hamna gorogoro hata moja. Kamati yenye busara humsamehe kimya kimya, au humpokea mama yake kama msaidizi wa jikoni.

Kwa wasichana, kitu kidogo kama sare kinaweza kuamua mengi. Duflo, Dupas na Kremer waliwafuatilia wasichana waliokuwa Darasa la 6 mwaka 2003 katika shule 328 za magharibi mwa Kenya. Kati ya waliopewa sare bure, walioacha shule ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 16, ilhali kati ya wasiopewa walikuwa asilimia 19, na mimba za utotoni zilipungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, ingawa ugavi umekuwa wa kusuasua. Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani, na mwongozo wa 2020 umeeleza utaratibu wake. Mwongozo huo hausaidii kitu iwapo mwalimu mkuu anaogopa maneno ya wazazi wengine; chama cha wazazi kikisema wazi kwamba binti huyo arudi, hofu hiyo huisha.

Wavulana wanasahaulika kirahisi zaidi. Katika miaka hii huvutwa na boda boda, mifugo, uvuvi na machimbo, na katika baadhi ya jamii aliyetoka jandoni hujiona mtu mzima asiyepaswa kuamrishwa na mwalimu, hasa mwalimu mwanamke. Shule haiwezi kulitatua hilo kwa barua. Wazee wanaosimamia jando wanaweza, wakiamua kwamba miongoni mwa mafunzo ya utu uzima iwemo kumaliza shule, na chifu anaweza kumwita mwenye pikipiki anayemwajiri mtoto wa miaka 14.

Wenyeji wana pia ujuzi ambao mtaala unauhitaji. Kilimo, ufundi na sanaa ni masomo yanayopimwa, na kila kata ina fundi seremala, mshonaji, mfugaji wa nyuki na mwalimu wa kwaya. Kuwaalika darasani hugharimu nauli na chakula cha mchana. Shule zisizo na maabara zimefanya vivyo hivyo na sekondari za jirani, kwa kuwapeleka wanafunzi huko siku maalumu ya juma.

Kundi la kwanza la sekondari msingi lilifanya KJSEA mwishoni mwa 2025, likiwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.1, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. Makundi yaliyo nyuma yake yanasoma katika shule zilezile, nyingi zikiwa bado hazina maabara. Majengo na walimu ni wajibu wa serikali, na wazazi wana haki ya kuudai. Lakini ripoti ya muhula uliopita iko nyumbani tayari. Mzazi ambaye hajaielewa na aende nayo kwa mwalimu wa darasa kabla shule hazijafungwa, amwombe amsomee, na mtoto awepo wanapozungumza.